Taa za Rangi Zisubiri

Chumbageni, Tanga

Mwanangu, tena baba yangu kwa jina ulilorithi,

Bibi yako anaendelea na dawa zake za presha na ubishi wake uko palepale. Nimeamua kukuandikia kwa kirefu kwa sababu mambo haya hayasemeki kwenye ujumbe wa sauti, na wewe ukipigiwa simu husikiliza huku mkono uko kwenye kitu kingine.

Orodha ya vifaa unavyotaka kununua nimeisoma yote. Taa za kubadili rangi, spika ya kuongea nayo, kufuli la alama ya kidole, kamera nne, pazia la kujivuta lenyewe. Hakuna hata kimoja kinachohusu maji. Nyumba iko Kigamboni, mnategemea kisima, tanki la juu likikauka ni mama yako, wifi yangu, anayetoka usiku na kanga mabegani kwenda kuwasha pampu, halafu usingizi unampitia na maji yanamwagika mpaka kwa jirani. LUKU ikiisha saa tisa za usiku, nani anaamka kutafuta tokeni? Pesa ya taa za rangi iweke pembeni kwanza. Nataka ujenge nyumba janja ambayo mama yako hatajua kama ipo. Ataona tu maji hayamkatikii, na siku mtambo ukifa, atabonyeza swichi ya ukutani na taa itawaka kama ilivyowaka jana. Ukiyaweza hayo, yaliyobaki ni mapambo, na mapambo si haramu.

Umeuliza programu gani. Tumia Home Assistant. Aliianzisha Mholanzi mmoja, Paulus Schoutsen, mwaka 2013, ikiwa programu fupi tu ya Python ya kuwasha taa zake za Philips Hue jua likizama. Kwao Uholanzi hiyo ni shida ya kweli: Desemba jua linazama saa kumi na nusu alasiri, Juni linazama saa nne usiku, kwa hiyo ratiba ya saa haimfai mtu. Dar es Salaam jua mwaka mzima halizami nje ya saa kumi na mbili na dakika kumi hadi na dakika hamsini. Taima ya plagi kutoka Kariakoo inakutosha. Nakwambia haya usije ukaazima chombo cha mtu ukabeba na shida zake. Chombo chenyewe kichukue kwa mikono miwili: ni cha bure, msimbo wake uko wazi, na tangu 2024 kimewekwa chini ya wakfu uitwao Open Home Foundation ili asitokee tajiri akakinunua na kukifungia. Kubwa kuliko yote, kinakaa ndani ya nyumba yako, kwenye kompyuta yako, wala hakiombi ruhusa ng'ambo ili kuwasha pampu.

Hilo la mwisho usilipite haraka. Mwaka 2014 Nest, iliyokuwa tayari mikononi mwa Google, iliinunua kampuni ya Revolv, waliokuwa wakiuza kisanduku cha kuunganisha vifaa vya nyumbani kwa dola 299. Mei 2016 seva zikazimwa na kila aliyenunua akabaki na plastiki. Aprili 2022 ikawa zamu ya Insteon: wateja waliamka wakakuta programu haifunguki, na kampuni haikuwa imetoa tangazo lolote. Na kwetu je? Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, unakumbuka intaneti ilivyokuwa nchi nzima. Siku ile taa inayosubiri jibu la seva ya Ulaya ilikuwa haina wa kumuuliza. Kwa hiyo kila kifaa utakachonunua, kabla hujatupa boksi lake, chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, uache waifai ikiwa hewani, kisha kijaribu. Kikigoma, kirudishe dukani siku hiyohiyo.

Kuhusu kompyuta yenyewe. Wengi huanza na Raspberry Pi, na si mbaya, ila kwa umeme wetu ina mambo mawili. La kwanza ni memori kadi. Home Assistant huandika kumbukumbu mfululizo, joto la chumba, volti, mlango umefunguliwa, mlango umefungwa, na kadi zile hazikuundwa kwa kuandikwa usiku na mchana. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, siku moja haiwaki tena. Weka SSD. La pili ni saa. Pi 4 na zilizotangulia hazina betri ya kutunza saa. Zikiwaka huuliza wakati kwenye intaneti. Umeme ukirudi na intaneti isirudi, mtambo unaamini ni saa nyingine kabisa, na ratiba uliyoipanga kwa alfajiri inafanyika watu wakiwa wanakula chakula cha usiku. Pi 5 ina mahali pa kuchomeka betri ya saa, lakini betri yenyewe hununuliwa mbali. Mimi ningechukua kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika, zile zinazotoka maofisini Ulaya, zenye SSD na betri ya saa tayari kwenye bodi. Itakula umeme zaidi ya Pi, lakini si wa kukufilisi. Ipe UPS, na UPS hiyohiyo ilishe ruta pamoja na kisanduku cha faiba. Nimeitwa kwenye nyumba zaidi ya moja ambako kompyuta ilikuwa hai, ruta imekufa, na mwenye nyumba anauliza kwa nini vifaa vyake vyote vimetoweka.

Sasa maji, na hapa nitakaa.

Unahitaji kujua kina cha maji, na unahitaji kuwasha pampu. Kwa kina cha maji utauziwa sensa ya mawimbi ya sauti isiyoingia maji, JSN-SR04T. Hufungwa kwenye mfuniko wa tanki, hutoa mlio usiosikika na masikio, husubiri mwangwi, na kutokana na muda wa kurudi hupiga hesabu ya umbali. Ni ya bei nafuu na ina vituko vyake. Kitu kilicho karibu yake kwa kama sentimita 20 haikioni, kwa hiyo inyanyue juu ya mfuniko ili tanki likijaa maji yasifike hapo. Usiisogeze kwenye ukuta wa tanki wala kwenye bomba la kuingizia, mwangwi utarudi kutoka huko na utaambiwa maji hayapungui. Halafu kuna joto. Sauti hukimbia zaidi hewa ikipata moto, kwa kiasi cha mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Tanki jeusi juu ya paa mchana wa Februari, hewa ya ndani ikipanda nyuzi 20 kuliko alfajiri, umbali unaosomwa unakosea kwa asilimia 3 na nusu hivi. Kwa umbali wa mita 1 hizo ni sentimita 3 na nusu za maji. Utaona kwenye grafu tanki "linajaa" saa nane mchana wakati pampu imezimwa na mama yako anafua. Si uchawi. Tia sensa ya joto, DS18B20, ndani ya tanki juu ya maji, na usahihishe hesabu kwa joto hilo. Pia chukua vipimo kadhaa kila mara na utumie kile cha katikati, si wastani, maana tone moja la mvuke likitua kwenye uso wa sensa hutoa namba ya kichaa, na namba ya kichaa huuvuta wastani wote.

Ukiwa na uwezo, iache hiyo, ununue sensa ya mgandamizo ufunge chini kwenye bomba la kutokea. Kila mita 1 ya maji huweka mgandamizo wa karibu kilopaskali 9.8, haijali jua wala mvuke. Itashuka kidogo mtu akifungua bomba, basi soma mwenendo wa dakika kadhaa. Kwa nyumba yenye tanki moja mimi ningeilipia.

Pampu ndiyo inayounguza nyumba za watu. Zile bodi ndogo za relei za buluu zimeandikwa ampea 10, na kijana akiona pampu ya nguvu-farasi 1 hula ampea 5 hivi anasema inatosha. Haitoshi. Mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa muda mfupi, midomo ya relei hutoa cheche, na siku moja hushikana isiachane. Hapo utakuwa na pampu isiyozimika. Relei ndogo iendeshe koili ya kontakta, kontakta ndiyo ibebe pampu. Na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Upande wa volti 5 cheza wewe. Upande wa volti 230 aucheze yeye. Hapo sijadiliani, na mama yako nimeshamwambia.

Sheria za pampu usiziweke kwenye kompyuta kubwa. Ziweke kwenye chipu ya ESP32 iliyo palepale kando ya kontakta, kwa kutumia ESPHome, ambayo unaiandikia mistari michache ya YAML nayo inakutengenezea programu ya chipu. Kompyuta ikifa, waifai ikikatika, pampu iendelee kujua wajibu wake. Umeme ukirudi baada ya kukatika, relei ianze ikiwa imezimwa, isubiri dakika chache kabla ya kuamua lolote, maana umeme wetu ukirudi mara ya kwanza huwa unajaribu tu. Iwashe tanki likishuka chini ya asilimia 40, izime likifika 90. Pengo hilo liache pana. Nimeona mtu aliyeandika iwashe chini ya 90 na izime juu ya 90. Mawimbi ya maji yenyewe yalikuwa yakiiwasha na kuizima mpaka mota ikanuka. Weka na kikomo cha muda: ukishajua tanki hujaa kwa dakika 35, ikifika 50 ikate, ikuletee ujumbe, na isiwake tena mpaka mtu aibonyeze. Pengine bomba limepasuka.

Boya usilitoe. Nasikia vijana wakifunga sensa hulitupa boya la zamani wakiona la kizamani. Boya lako liwe juu kidogo ya ile asilimia 90, waya wake upite kwenye koili ya kontakta moja kwa moja, bila programu, bila chipu. Siku sensa ikidanganya, boya halina habari ya programu, litakata.

Kisima nacho kina ukame wake. Pampu ikivuta hewa, mzigo unapungua na wati zinashuka. Funga PZEM-004T, kipimo cha umeme, kwenye waya wa pampu, uache ipime wiki nzima bila kuamuru chochote, uangalie kwenye grafu wati zake za kawaida ni ngapi. Baada ya hapo iambie wati zikishuka chini ya theluthi mbili ya hapo kwa sekunde 10, ikate, isubiri nusu saa kisima kijikusanye. Kile kipete cha kupimia kizungushe kwenye waya wa laivu peke yake. Ukiingiza laivu na nyutro pamoja vinafutana, na utasoma sifuri huku pampu inanguruma.

Kipimo chako cha lita pia kiweke sawa kwa mkono. Tanki lina mabega na mikunjo, halijanyooka chini hadi juu. Lijaze, toa ndoo ya lita 20 moja baada ya nyingine, andika sensa inasoma nini. Mdogo wako akusaidie. Mchana mmoja wa kazi hiyo unakupa jedwali ambalo hesabu za darasani hazikupi.

LUKU sasa, kwa ufupi. Kwenye uso wa mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa na maandishi kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Kama ni 1000, kila kupepesa ni wati-saa 1. Ukihesabu sekunde 3.6 kati ya kupepesa kumoja na kwingine, nyumba inatumia kilowati 1 wakati huo. Gundisha sensa ya mwanga mbele ya kitaa, uifunike isiingie jua, ESP32 ihesabu. Mita yenyewe usiifungue wala lakiri usiiguse, huko kuna kesi. Ukinunua tokeni, ingiza uniti kwenye Home Assistant, mtambo upunguze kila kupepesa na ukuambie zikibaki 5, saa mbili usiku, si saa tisa. Kila unaponunua linganisha na namba ya mita na usahihishe, maana kuna mipepeso itakayokupita. Kama mita iko juu ya nguzo usiyoifikia, PZEM nyingine kwenye bodi ya ndani itakupa karibu na ukweli. Na kwa kuwa wewe unapenda hesabu: tokeni za aina hii duniani zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwanzo wa 1993 kwa biti 24, na nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana tulibonyezeshwa zile tokeni ndefu za ziada kwenye mita zetu.

Friji mwachie friji-gadi wake. Kifaa cha dukani kinachosubiri dakika chache umeme utulie kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko programu yako, na kikiharibika mama yako anajua pa kununua kingine.

Tufike kwenye taa, maana najua ndizo zinazokuwasha. Balbu janja na swichi ya ukutani hawapatani. Mtu akizima ukutani, balbu haina umeme, imekufa, simu haiioni. Nyumba yenye watoto, wageni na dada wa kazi, swichi zitazimwa, hata ubandike karatasi ngapi. Tumia balbu ya kawaida, moduli ndogo ya relei ifichwe nyuma, na swichi ileile ya zamani iwe kitufe chake. Taabu yake ni kwamba nyumba zetu nyingi kwenye boksi la swichi hakuna nyutro. Fundi alishusha laivu na kuirudisha juu, basi. Moduli nyingi hudai nyutro. Kuna zisizoidai, lakini taa za LED za wati chache hupepesa nazo kama mtu anayesinzia. Mwambie fundi aiweke moduli juu, kule taa inapofungwa, nyutro iko hukohuko.

Kwa vifaa vya betri, vihisi vya mlango na joto, tumia mtandao wa redio wa Zigbee. Vinavyokula umeme wa ukutani hupokezana ujumbe na kuupeleka mbele, vya betri husema tu vikanyamaza. Kwa hiyo ukuta wa tofali nene kati ya sebule na jiko unavukwa kwa soketi moja ya Zigbee iliyowekwa koridoni, isiyochomolewa na mtu kuchaji simu. Zigbee na waifai zote ziko gigahezi 2.4 na hugombana. Waifai iweke chaneli ya 1, Zigbee iweke 25, zimeachana. Flashi ya USB ya kupokea Zigbee usiichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta: matundu ya USB 3 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo, Intel wenyewe walilieleza kwenye waraka wa 2012. Nunua waya wa kurefushia wa mita 1, uitundike mbali na kompyuta na ruta. Waya huo wa bei ya chipsi hutibu malalamiko mengi ambayo watu huyatibu kwa kununua vifaa vipya.

Halafu inakuja kazi ya kunyoosha, ambayo haiishi na ndiyo tamu. Sensa za mwendo za kawaida, PIR, huona joto la mwili likipita mbele ya ukuta uliopoa. Pwani, mwezi wa pili, chumba kimefika nyuzi 33, ngozi ya mtu haipishani sana na ukuta, na sensa iliyofanya kazi vizuri Julai inakuwa kipofu. Halafu mtu akikaa kimya haimwoni. Taa ya choo inamzimikia mgeni akiwa katikati ya shughuli zake, na mgeni mwenyewe ni shehe. Sensa za rada, kama LD2410, humwona hata aliyetulia kwa sababu huhisi kifua kikipumua. Lakini huona na pangaboi. Ukiifunga ikitazama dari au pazia linalopeperuka, chumba kitakuwa na mtu usiku kucha. Ielekeze chini, punguza umbali wake, na uipime pangaboi ikiwa kwenye kasi zote.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, uache siku kadhaa, uangalie grafu, ndipo uguse lingine. Najua huna subira. Kijana akiona taa imechelewa sekunde 2 anabadilisha sensa, anasogeza ruta, anaongeza masharti matatu, kisha ikikaa sawa hajui ni lipi lililoponya. Na ujumbe wa simu uwe wa maana. Mtambo unaotuma taarifa mlango umefunguliwa, mlango umefungwa, joto limepanda, unafundisha watu kutosoma, na siku utakapoandika kisima kimekauka hakuna atakayefungua. Mtambo wangu hutuma ujumbe kwa mambo matatu tu: pampu imejikata, uniti zimebaki 5, na umeme umekatika muda mrefu kiasi cha UPS kuchoka.

Spika ya kuongea nayo, kama hutaki kuachana nayo, usinunue inayopeleka sauti za nyumbani kwenu ng'ambo. Home Assistant ina njia ya kufanya hayo ndani kwa ndani, na Piper, programu yake ya kutamka maandishi, ina sauti ya Kiswahili iliyoorodheshwa kuwa ya Kongo. Mjaribishie bibi yako kwa simu, nataka nisikie atasemaje.

Kamera punguza. Moja getini inatosha, itazame geti lenu, isitazame uani kwa jirani wala anakolala dada. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtu kutazamwa akifua si jambo la heshima. Kuingia kwenye mtambo ukiwa mbali tumia VPN, WireGuard au inayofanana nayo. Mtu akikushauri ufungue tundu kwenye ruta ili dunia nzima iweze kubisha hodi, mkatalie.

Matoleo mapya ya Home Assistant hutoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Usikimbilie siku hiyo, subiri wiki mbili waliotangulia wakumbane na yao. Kabla ya kusasisha chukua bakapu, uitoe nje ya kompyuta hiyo, na ule ufunguo wa kuifungulia uuandike kwenye karatasi, maana bakapu siku hizi hufungwa kwa msimbo na bila ufunguo ni takataka. Na uwe na daftari la kawaida la shule, lining'inie ndani ya mlango wa bodi ya umeme: waya gani unakwenda wapi, relei ipi ni ya nini, na jinsi ya kurudisha pampu kwenye swichi ya mkono. Liandike kwa lugha ambayo fundi wa mtaani na mama yako wataielewa ukiwa safarini. Mwonyeshe swichi hiyo ya mkono, aijaribu mwenyewe mbele yako.

Kabla hujalipia chochote nitumie picha ya bodi ya umeme ikiwa wazi (fundi aifungue, si wewe), picha ya maandishi ya kibati cha pampu, namba ya imp/kWh kwenye mita, na urefu wa tanki kutoka sakafu yake hadi mfuniko. Nipimie pia umbali wa kisima hadi ruta, kwa hatua, na uniambie kuna kuta ngapi katikati. Hapo ndipo nitajua kama ESP32 ya kawaida itafika au utahitaji yenye antena ya nje. Nina kontakta moja mpya hapa ndani ambayo mteja aliibadilishia mawazo. Koili yake ni ya volti 230, nitampa dereva wa basi la Jumatano. Ipokee Mbezi, usimwache akazunguka nayo.

Wifi mpe salamu zangu, umwambie viungo vya pilau alivyoniagiza vimo kwenye kifurushi hichohicho.

Shangazi yako